Neno la Mwajiri

Wiki iliyopita nilimwacha Evance juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika kitambaa cha dari, mwingine hauna cha kushika. Tangu gazeti litoke nimepigiwa simu na watu wanne. Mama mmoja wa Kilakala ameniuliza kama nina roho. Ninayo, mama. Ndiyo maana naandika.

Kwa aliyejiunga leo: naitwa Eustace, msimamizi wa kampuni ya Madam Doreen, Kihonda. Tunapamba kumbi, tunafunga maturubai, tunapanga viti, tunapiga video. Tulikuwa watu thelathini na wanne. Kila mmoja wetu alitia saini karatasi inayosema yeye si mfanyakazi, ni mkandarasi huru. Karatasi hiyo niliitunga mimi. Kuitunga ni namna ya kusema tu, maana niliikuta kwenye kompyuta ya stesheneri moja Msamvu, ikiwa ya mchimba visima. Nikafuta visima, nikaweka mapambo.

Evance alianguka. Akafariki hospitalini siku ya pili, Alhamisi, saa nne asubuhi. Ameacha mke, Rahel, na watoto wawili.

Haya, tuendelee.

Najua mnadhani Madam Doreen ni mtu mbaya. Wengi mmeniandikia hivyo, na maneno mengine gazeti haliwezi kuyachapa. Si mtu mbaya. Siku ile alivua viatu, akakaa sakafuni kwenye korido ya hospitali, akalia mpaka muuguzi akamletea maji. Akasema gharama zote za msiba ni zake. Jeneza, lori, maturubai mawili, viti mia mbili, spika na jenereta. Akaahirisha kazi zote za wikiendi ile, pamoja na sendofu ya binti wa mtu mkubwa ambaye sitamtaja kwa sababu tunasali kanisa moja.

Mazishi yalikuwa Matombo, kwa wajomba zake Evance. Kwa Waluguru mtu ni wa upande wa mama yake, kwa hiyo mwenye msiba alikuwa mjomba, Mzee Stefano. Yeye ndiye aliyenipigia simu. Aliuliza tunakuja wangapi, akauliza kama lori letu linapanda mlima, kisha akataka ratiba iliyochapwa. Hakutaka ya kuandika kwa mkono. Mpwa wake alikuwa mtu wa kazi mjini, alisema, na azikwe hivyo.

Ratiba ni fani yangu. Na nikwambie siri ya fani: ratiba ya shughuli haitungwi, inarithiwa. Nilikuwa nayo moja safi ya mwalimu aliyefariki akiwa bado kazini. Nikabadilisha jina, nikabadilisha picha na tarehe, nikachapa nakala mia mbili.

Tulipokuwa juu ya lori, tumeshaiacha Mkuyuni, nikatoa mfukoni nakala moja nijipepee. Nikasoma kipengele cha tano. Kilisema: Neno la mwajiri.

Mkandarasi huru hana mwajiri. Hiyo ni aya ya pili ya karatasi yangu mwenyewe. Lakini nakala mia mbili zilikuwa kwenye boksi, boksi liko chini ya jeneza, na kulizunguka jeneza wamekaa watu wanaimba. Nikaendelea kujipepea.

Makaburini, baada ya padri kumaliza, katekista akashika karatasi na kuisoma kama ilivyo. Serikali ya kijiji ikasema neno lake, jumuiya nayo ikasema. Halafu akatangaza kwamba sasa tutasikia neno la mwajiri.

Watu kama mia tatu wakageuza shingo. Mzee Stefano akasimama, kwa sababu mjomba anapaswa kumjua mtu aliyekaa na mpwa wake huko alikokuwa. Akabaki amesimama, kofia mkononi, anasubiri. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Madam Doreen akainuka, akajitanda vizuri, akasogea mbele ya kaburi.

"Mimi, kama mwajiri wa marehemu," alianza.

Alizungumza dakika kumi na mbili. Akasema kwa miaka mitatu Evance hakuchelewa hata siku moja, saa kumi na mbili kamili alfajiri yuko getini. Akasema hata mtoto alipougua, alikuja kwanza kuomba ruhusa, na siku aliyonyimwa ruhusa hakununa. Akasema kazi alimfundisha yeye mwenyewe, kuanzia namna ya kushika mkasi. Akasimulia jinsi kampuni nyingine ya mjini ilivyomtaka Evance kwa Jumamosi moja tu, Madam akakataa, na Evance akatii.

Wamama walilia. Nililia na mimi. Jackson, mpiga video wetu, alirekodi yote kwa kamera mbili, kwa sababu Jackson hajui kuhudhuria kitu bila kukirekodi, na alishaahidi familia nakala.

Mwishoni Mzee Stefano akamshika Madam mkono kwa mikono yake yote miwili. Akamshukuru. Akasema sasa ameshajua mpwa wake alikuwa kwa nani.

Wiki tatu baadaye Rahel akaja ofisini.

Alikuja na yule mdogo mgongoni na mkubwa mkononi. Tulisalimiana, nikampa kiti, akakataa soda. Kuna mtu alimwambia kwamba anayefia kazini, familia yake ina haki kwenye mfuko wa fidia ya wafanyakazi. Mjane na watoto wanapata kitu kila mwezi, watoto mpaka wakue. Alichotakiwa kupeleka ni barua ya mwajiri.

"Barua moja tu, shemeji," aliniambia.

Nikaona ni jambo jepesi. Nikaenda kwa Madam nikiwa na uso wa mtu anayepeleka habari njema. Naye akaliona jepesi, mpaka alipompigia mtu wake wa mahesabu. Yule bwana akamweleza kwamba Evance akiwa mfanyakazi, basi wote ni wafanyakazi, tangu siku ya kwanza ya kila mmoja, na michango yao yote haijawahi kupelekwa popote. Madam akamwomba arudie. Akarudia. Madam akakata simu, akakaa akiangalia kalenda ya ukutani yenye harusi zetu.

Kisha akaniambia niandike barua. Siyo ile ya Rahel.

Nikaandika. Nikasema marehemu alikuwa mkandarasi huru, akija apendapo na kuondoka apendapo, kwa vifaa vyake mwenyewe, ikiwemo ngazi. Barua ikahitaji cheo chini ya saini, na mimi sikuwa na cheo, kwa hiyo saa nane mchana siku ile nikapandishwa kuwa Meneja Rasilimali Watu. Mshahara ulibaki palepale, au niseme malipo, maana mkandarasi hana mshahara.

Hapo ndipo ninapotaka mnilaumu. Pale nilipomwacha Evance juu ya ngazi nisameheni, hapa msinisamehe.

Rahel aliisoma amesimama. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipomaliza akaikunja, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Hiyo ngazi yake iko wapi basi, shemeji? Nikaichukue."

Nikamwambia nitaulizia. Nilimwambia hivyo nikiwa nimeiegemea.

Mzee Stefano akashuka kutoka Matombo. Yeye na Rahel wakaenda kwa afisa kazi, na sisi tukaitwa, Jumanne, saa tatu asubuhi.

Madam akaona ni busara kwenda na watu wote, wakaseme wenyewe kwamba wako huru. Akawaagiza wafike saa mbili kamili, wamevaa fulana za kampuni, na atakayechelewa atakatwa. Hakuchelewa hata mmoja. Ulipofika muda wa kuitwa ndani, pale uwanjani walikuwa wamejipanga wakandarasi huru thelathini na wawili, wote rangi ya zambarau, kila mmoja ameandikwa DOREEN MAPAMBO mgongoni.

Afisa kazi alikuwa mama mtu mzima, Bi Raya, miwani yake imefungwa kamba. Alisimama dirishani akawaangalia kwa muda. Akarudi mezani, akachukua barua yangu, akaniuliza kama saini ni yangu. Nikakubali. Akanionya kwamba nitakachosema kitaandikwa, kwa hiyo niseme kweli. Nikaahidi.

Akauliza nani alikuwa anampangia Evance saa ya kufika. Nikasema shughuli yenyewe. Harusi ndiyo inayopanga.

"Na harusi ndiyo inayotoza faini ya kuchelewa?"

Nikajibu kwamba ile si faini, ni mchango wa nidhamu. Akaandika.

Akauliza kama Evance angeweza kumtuma mtu mwingine amfanyie kazi siku asiyojisikia. Nikasema angeweza. Akauliza kama aliwahi. Nikasema hakupata haja. Akaandika na hilo, na kalamu yake haikuwa na haraka.

Kisha akauliza ngazi ilikuwa ya nani. Barua ilikuwa yangu, nikasema ni ya marehemu. Bi Raya akafungua faili, akatoa picha iliyopigwa na askari siku ya ajali. Akaniomba nisome maneno yaliyo ubavuni mwa ngazi. Maneno hayo nayajua kwa miaka sita. Nikasoma: Doreen Mapambo, namba nne.

"Hilo ni tangazo," nilisema.

Bi Raya alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mzee Stefano akaomba ruhusa ya kusema. Akaingiza mkono katika koti, akatoa ratiba ya mazishi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani na kuinyoosha kwa kiganja. Alisema yeye mambo ya mikataba ya mjini hayajui na hataki kujifanya anayajua. Ana swali moja.

"Huyu mama alisimama mbele ya kaburi la mpwa wangu," alisema. "Kama si mwajiri, alisimama kama nani?"

Rahel akatoa simu yenye video ya Jackson. Ikawekwa juu ya meza, tukaiangalia yote, dakika kumi na mbili. Kwa mara ya kwanza niliisikia hotuba ile bila spika na bila kilio cha watu. Saa kumi na mbili kamili getini. Ruhusa aliyonyimwa. Jumamosi aliyokatazwa. Kila sifa aliyopewa Evance pale Matombo, Bi Raya aliiandika namba pembeni. Ilipofika sehemu ya mkasi, Madam alilia tena, palepale alipolia kwenye video.

Alipotulia akajitetea, na tuseme ukweli, alijitetea vizuri. Maneno ya msibani ni maneno ya msibani, alisema. Mtu akifa anasifiwa. Alisema pale kwamba Evance alikuwa anaimba vizuri, na kila mtu anajua Evance alikuwa hawezi kuimba. Yeye alisimama kwa sababu aliitwa, na aliitwa kwa sababu iliandikwa. Angekataaje, mjomba amesimama na kofia mkononi?

Akanigeukia.

"Muulizeni Eustace kama nilimwambia aandike hivyo."

Bi Raya akaniuliza.

Jamani, hebu oneni nilipofikishwa. Asubuhi ile nilikuwa nimeshasema uongo mara nne, nikimtetea Madam, na mara zote nne ukadondoka mbele ya macho yangu. Sasa nimeulizwa swali ambalo jibu lake la kweli ninalo. Hakuniambia. Yalikuwa makosa yangu, masalia ya mwalimu. Na kweli hiyo, ya kwanza tangu nikae kwenye kile kiti, ndiyo ingemrudisha Rahel nyumbani na barua yangu mkononi. Nikidanganya mara ya tano, Rahel anaokoka na mimi kazi sina.

Nilimtazama Rahel. Alikuwa hanitazami. Alikuwa ameinama anamfunga yule mtoto mkubwa kamba za viatu, viatu vya shule, na shule yenyewe siku hiyo hakwenda.

"Aliniambia," nilisema.

Madam aliniangalia kama mtu aliyekanyagwa mguu kanisani. Hakupandisha sauti. Alifungua mkoba, akatoa simu, akaanza kupekua kwa kidole. Akasema ana sauti yangu humu, na afisa aisikie mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku ya msiba, tukiwa juu ya lori, baada ya kukiona kile kipengele, nilimtumia Madam ujumbe wa sauti. Yeye alikuwa mbele na gari dogo. Mtandao ukakata, na jioni ileile simu yangu ikaingia maji ya mvua ikafa. Jibu sikulipata. Nikachukulia kuwa halikuwepo, na kwa mambo yote yaliyofuata nikausahau na ujumbe wenyewe.

Akabonyeza. Sauti yangu ikajaa ofisi nzima, pamoja na mngurumo wa lori na watu wanaoimba pambio.

"Madam, samahani, hilo neno la mwajiri limebaki kutoka ratiba ya yule mwalimu. Nilifute kwa peni?"

Madam akamtazama Bi Raya, akasema afisa ameshasikia. Nami nilijua nimekwisha. Mwongo mara tano, na safari hii kwa ushahidi wa mdomo wangu. Madam akanyoosha mkono kuichukua simu yake.

Lakini simu hizi, ujumbe wa sauti ukiisha, unaofuata unajicheza wenyewe. Ikaja sauti ya pili. Ilikuwa ya Madam Doreen, ya chini, imekwaruza, sauti ya mtu aliyelia tangu asubuhi.

"Usifute, Eustace. Liache. Kama mimi si mwajiri wake, ni nani basi? Nyie wote ni watu wangu. Asije mtu akasema kijana wangu kazikwa hana mwenyewe."

Madam aliisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande, kama anamsikiliza mtu asiyemjua. Naamini alikuwa amesahau kweli. Mtu huwezi kupekua simu yako kwa bidii namna ile ukitafuta kitu cha kujichinjia.

Bi Raya akaomba irudiwe, akaandika neno kwa neno. Akasema uamuzi utakuja kwa maandishi, lakini hawezi kujifanya haoni unakoelekea. Evance alikuwa mfanyakazi. Na wale walio uwanjani anataka majina yao yote, na tarehe ya kila mmoja ya kuanza kazi, ifikapo Ijumaa. Mzee Stefano akafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja. Rahel akafumba macho, midomo ikawa inatembea bila sauti.

Kwangu mimi Bi Raya akasema tutaongea siku nyingine, peke yetu. Nikajibu sawa.

Nikadhani Madam Doreen anatafuta neno la kunitukana, na nilikuwa tayari. Aliingiza mkono mkobani, akatoa fungu la funguo, akaliweka mezani mbele yangu. Funguo za stoo, za ofisi, na ule wa lori.

"Watu thelathini na watatu, tangu siku walizoingia," alisema. "Siwezi. Nafunga."

Bi Raya akamwambia hakuna aliyemwambia afunge, kuna utaratibu, watu wanakaa wanapanga. Madam akaitikia kwa adabu kwamba ameelewa, na anashukuru, na anafunga. Akaniambia niwaambie mimi, yeye hataweza kuwatazama. Akatoka kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi.

Nikabaki na zile funguo. Kwenye korido Rahel alinishika mkono wa shati. Nilifikiri anataka kushukuru.

"Shemeji, hao ndio waliombeba Evance," alisema. "Usiwaambie ni kwa ajili yangu."

Nikatia zile funguo mfukoni. Tukatoka nje pamoja.

Wote thelathini na wawili wakasimama kwa pamoja walipotuona. Aliyetangulia mbele alikuwa Tumaini. Tumaini ndiye aliyekuwa ameshikilia ngazi siku ile, na tangu siku ile alikuwa hamwangalii Rahel usoni. Sasa alimwangalia. Akaniuliza mimi, lakini akimwangalia yeye, kama ameshinda.

Nikasema ameshinda.

Wakapiga makofi, wakapiga kama wanavyopiga bwana harusi akiingia ukumbini. Magreth wa mapambo akapiga kigelegele, askari wa getini akatoka kuchungulia. Wanawake wakamzunguka Rahel wakamkumbatia, mmoja akamfuta machozi kwa fulana yake ya zambarau. Jackson alikuwa anarekodi. Tumaini akamwinua yule mtoto mkubwa akamweka mabegani, akicheka huku analia, akanijia mpaka pale niliposimama.

Akaniuliza Jumamosi wafike saa ngapi.